Mabati Kumi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Maisha mapya yanaanza leo. Naandika kwenye daftari la miadi la kliniki, la mwaka juzi, ambalo Daktari alikuwa analitupa. Sikulinunua! Nataka hilo lieleweke. Tarehe zake hazilingani na za mwaka huu, kwa hiyo nazikata na kuandika zangu. Juu ya kila ukurasa kuna jino linalotabasamu. Sijui linafurahia nini.

Mume wangu ameondoka alfajiri kwenda kupima barabara mpya, mbali huko, wiki tatu. Ameniachia fedha za paa la chumba cha mama yake. Mabati kumi, misumari, mbao mbili, ujira wa fundi. Mvua zinatarajiwa mwisho wa mwezi. Mama mkwe kitanda chake amekisogeza katikati ya chumba tangu mvua zilizopita. Beseni upande wa kichwa, sufuria upande wa miguu. Analala kama mtu aliyezungukwa na vyombo vya jikoni.

Wifi yangu alikuja kumuaga kaka yake. Akasema, kwa ile sauti yake ya upole inayochoma, kwamba labda fedha zikae kwake, maana wifi yake ana mambo mengi. Mambo mengi! Huyu ni mtu anayepasua tyubu ya dawa ya meno kwa mkasi ili afute kilichobaki ndani. Bahasha za zamani anazigeuza ndani nje na kuzitumia tena. Nikamjibu asijisumbue, fedha ziko mikono salama. Mume wangu akaniangalia kidogo. Kisha akasema ananiamini. Mama mkwe aliendelea kuchambua mchele bila neno. Afadhali angesema.

Maana wote wanajua. Mwaka jana nilikopa kwenye simu, nikakopa kwingine kulipa kule, nikakopa tena kulipa huku, mpaka Mume wangu akauza pikipiki yake kunitoa. Sasa anapanda basi. Kila nikimwona anafunga kamba za viatu asubuhi, natazama ukuta.

Baada ya pikipiki nilipelekwa hospitali, kwa mshauri. Mama mmoja mwenye miwani. Alinihoji muda mrefu, toka utotoni, akasema si uvivu wala si ukaidi. Ubongo wangu ndivyo ulivyoumbwa: umakini unarukaruka kama panzi, na mkono unatangulia kabla akili haijavaa viatu. Nililia kwa raha. Kumbe hali yangu ina jina! Akaniandikia masharti kwenye karatasi. Karatasi imepotea, lakini mawili nayakumbuka. Fedha kubwa ashike mtu mwingine. Na ukitamani kitu, lala kwanza.

La kwanza nimeshalivunja, kwa sababu ya Wifi. Kosa ni lake.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kubana matumizi. Nimezima friji usiku kucha ili kuokoa umeme. Maziwa yameganda, siagi imeyeyuka. Nikapika chakula cha mchana cha kubeba kazini, nikakisahau juu ya meza, nikanunua kingine. Mama mkwe akala nilichosahau. Kwa hiyo hakikupotea!

Jioni, nikiwa kwenye foleni ya basi, simu ikaniletea tangazo la taa zinazokula umeme kidogo. Kumi na mbili kwa bei ya nane. Nyumba yetu ina taa tano. Nilikuwa nimeshabonyeza kabla basi halijafika.

Nimegundua tatizo. Fedha zikiwa kwenye simu hazina uzito. Unazigusa kwa kidole kama unavyofuta vumbi, zimekwenda. Kesho nazitoa zote, noti kwa noti, na kuzificha mahali ambapo mkono wangu hautafika kirahisi. Mpango madhubuti.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata mahali! Nastahili pongezi.

Pale mapokezi, kando ya kiti changu, kuna taya kubwa la plastiki ambalo Daktari hulitumia kuwaonyesha wagonjwa namna ya kupiga mswaki. Lina ukubwa wa begi la safari. Meno kama matofali. Ulimi wake mwekundu unanyanyuka, na chini yake kuna uwazi. Nimezifunga noti ndani ya glavu ya bluu ya kliniki, nikaipiga fundo, nikaisukuma chini ya ulimi. Nani atatafuta fedha kinywani mwa plastiki? Hata mimi naona kinyaa kuingiza mkono mle.

Mama mkwe akaniuliza jioni kama fundi amepatikana. Nikamwambia Jumamosi nanunua mabati, Jumatatu fundi anapanda. Akasema vyema, mwanangu. Nilijisikia mtu mzima kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Aibu. Aibu.

Nimefika kazini nimechelewa, kama kawaida. Nikakaa, nikapokea simu mbili, nikatafuta kalamu iliyokuwa sikioni. Ndipo nikageuka. Taya halipo! Nikamuuliza msaidizi wa Daktari. Akasema Daktari ameondoka nalo, leo ni siku ya kufundisha usafi wa kinywa shule ya msingi, si wewe mwenyewe uliyemwandikia miadi? Kweli. Ni mwandiko wangu. Nimezungushia hata duara.

Nikakimbia. Viatu mkononi nusu ya njia. Nilipoingia lango la shule, wanafunzi wote walikuwa wamekaa uwanjani kwa mistari, na Daktari amesimama mbele na taya juu ya meza, anauliza kwa sauti ya furaha: "Na chini ya ulimi kunajificha nini?"

"Vijidudu!" shule nzima ikaitikia.

Akanyanyua ulimi. Glavu ya bluu ikachomoza, imetuna, vidole vimesimama wima. Mkono unatoka mdomoni! Watoto wa mstari wa mbele wakapiga mayowe, mwalimu mmoja akarudi nyuma akaangusha kiti. Kisha fundo likafunguka, noti zikamwagika mezani. Halafu sauti moja nyembamba ikasema hata mimi nataka kuota vijidudu hivyo.

Daktari akauliza ni za nani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari wa mwisho, natweta. Nikanyoosha kidole juu kama mwanafunzi.

Akanipakia garini, akaendesha mpaka karibu na kliniki. Hapo akauliza, bila ukali, kama nyumbani kuna shida. Nikasema hakuna. Akasema basi, ila kliniki si benki. Fedha zote zilikuwapo, mpaka noti ya mwisho. Nilizihesabu chooni huku machozi yananitoka.

Kesho asubuhi nanunua mabati. Moja kwa moja. Sitageuza shingo.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haraka kabla sijaona haya kuandika.

Nilitoka nyumbani na nia safi, mkoba umebanwa kwapani. Duka la vifaa vya ujenzi liko mwisho wa barabara. Nilikuwa nimeshaliona! Nimeshaona hata mabati yenyewe, yameegemezwa ukutani, yanang'aa. Ila kabla ya kulifikia, kuna duka la yule jamaa tunayemwita Punguzo, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Amesimama mlangoni na kipaza sauti. Na pembeni yake, mashine ya kutotoleshea vifaranga.

Nyeupe. Kioo mbele. Kitaa chekundu, namba za joto zinapanda na kushuka. Inageuza mayai yenyewe! Sikuwahi kufikiria kuku maishani mwangu. Ghafla sikuweza kufikiria kingine. Niliona yote kwa mkupuo: vifaranga vya kwanza wiki tatu tu kuanzia leo, siku chache baada ya Mume wangu kurudi. Nauza, nanunua mabati ishirini badala ya kumi, paa la nyumba nzima, pikipiki inarudi, Wifi anakuja kuniomba ushauri. Moyo ulikuwa unadunda kama nimepata mchumba. Nikakumbuka sharti la kulala kwanza. Nikamuuliza Punguzo kama bei itakuwapo kesho. Akasema kesho duka linafungwa kwa hesabu, na kuna mama mwingine alishaiulizia. Mama mwingine! Nilimwona kabisa huyo mama. Nilimchukia.

Nililipa. Na trei mbili za mayai, duka la jirani.

Sijui nieleze vipi kile kinachofuata. Furaha ilidumu mpaka kona. Pale kwenye kona, na mashine kwenye mkokoteni na mwenye mkokoteni anapiga mluzi, furaha ikatoka kama upepo kwenye puto, nikabaki mimi. Mashine na mayai ni mabati sita. Yalikuwa juu ya kichwa cha mama mtu mzima, nikayashusha.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi fulani iliyofungwa mpaka mwenye mkokoteni akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 9 Machi

Soketi iliyobaki wazi ni moja, ya sebuleni. Kwa hiyo mashine iko sebuleni, kwenye kona. Nimeifunika kitambaa kilichodariziwa na kuweka juu yake chombo cha maua. Ni meza. Mtu akiuliza, ni meza.

Wifi akaja saa za chai. Hata kabla ya kukaribishwa, akavuta kiti mpaka kwenye meza yangu, akaweka kikombe juu yake. Nikaomba Mungu. Tukazungumza habari za kaka yake. Meza ikalia: pii, pii. Nikakohoa. Meza ikalia tena. Nikaanza kuimba. Wifi akaniangalia, akagusa kitambaa kwa kiganja, akasema meza yako ina joto, wifi. Nikasema ni jua la dirishani. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi.

Akauliza mabati yako wapi. Nikasema yanakuja na fundi. Fundi yuko wapi? Na hapo ulimi ukatangulia, kama mkono unavyotangulia siku zote. Nikasema fundi amefiwa. Mjomba wake. Ghafla.

Mama mkwe akasema masikini.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amekuja nyumbani nikiwa kazini! Kuuliza lini anaanza. Kwa baiskeli, tena akiimba, nimeambiwa. Mama mkwe alimtoa kiti, akamshika mikono miwili, akampa pole ya msiba. Fundi hakuelewa, lakini ni mtu mwenye adabu, hakutaka kubishana na mzee. Akapokea pole. Akanywa chai ya rambirambi. Kisha akanipigia simu kliniki, sauti imepanda, kuniuliza ni nani wa kwao aliyefariki na kwa nini yeye hajaambiwa.

Nimemwambia ni fundi mwingine. Akashukuru Mungu. Akauliza basi anaanza lini. Nikamwambia kuna mgonjwa mbele yangu, nikakata.

Jioni nilimfuata Mama mkwe sebuleni. Nilimkuta anafuta vumbi kwenye chombo cha maua, akakirudisha palepale katikati ya kitambaa, akakinyoosha kitambaa kingo zote nne. Huyu mama hanyooshi kitambaa hivyo bure.

Jumatano, 12 Machi

Nimesoma kila kitu kuhusu vifaranga. Joto, unyevu, kugeuza, siku ya kuacha kugeuza. Nikiamua kujua jambo, najua. Nimekaa mbele ya kile kioo mpaka miguu ikafa ganzi, nimesahau kula, nimesahau kwamba leo nilitakiwa kufungua kliniki. Nilipofika, wagonjwa wawili walikuwa mlangoni, wote nimewapangia muda mmoja, mmoja kashika shavu la kulia na mwingine la kushoto, wanabishana nani anaumia zaidi. Daktari ameniandikia onyo. Ametumia kalamu yangu.

Nilirudi nyumbani, giza. Mashine imekula umeme wote wa mwezi. Mama mkwe amekaa uani, anasema hewa ni nzuri nje. Nikaenda kusimama jikoni na simu. Nauli imebaki ya siku mbili, umeme hakuna, mayai yanapoa. Ndipo ujumbe ukaingia, kama wamenichungulia: umestahili mkopo, bonyeza moja. Bonyeza moja tu! Dakika moja, umeme unarudi. Mabati nayo. Hakuna atakayejua mpaka mwisho wa mwezi.

Kidole kilikuwa juu ya namba. Naapa nilikuwa naifikiria ile pikipiki. Nilikuwa nafikiria namna Mume wangu alivyoifuta kwa kitambaa siku mnunuzi alipokuja kuichukua, akaifuta mpaka vioo vya pembeni, kana kwamba inakwenda harusini. Na bado kidole kilikuwa juu ya namba.

Simu ikazima. Betri imekwisha.

Nimeushinda mkopo! Nusu nimeushinda mimi, nusu betri. Umeme nimenunua kwa nauli. Kesho natembea.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua.

Imekuja wiki mbili kabla ya wakati, bila adabu. Ilianza nikiwa njiani kwa miguu. Nilipofika nyumbani, Mama mkwe alikuwa ameshaweka beseni, sufuria, ndoo na bakuli la saladi. Godoro limekunjwa nusu. Yeye amekaa kwenye ile nusu kavu, amejifunika shali, mikono mapajani, kama abiria anayesubiri kuitwa.

Nikamwomba ahamie chumbani kwetu. Akasema baadaye, akimaliza kukinga.

Simu ikaita. Mume wangu. Amesikia huku mvua kubwa, anataka kuongea na mama. Nikampelekea simu, nikabaki mlangoni. Nilitaka kuondoka, miguu ikakataa. Sauti yake ilisikika mpaka pale nilipo. Akauliza paa vipi.

"Paa zuri, mwanangu," Mama mkwe akasema. "Mkeo amehangaika kweli."

Tone likaanguka kwenye bakuli. Ti. Jingine kwenye sufuria. Ti, ti. Mume wangu akauliza hiyo sauti ni ya nini.

"Saa ya ukutani," akasema.

Chumba kile hakina saa. Hakijawahi kuwa na saa.

Akaagana naye, akamwombea safari njema, akanirudishia simu. Akafuta kwanza maji yaliyoirukia, kwa ncha ya shali. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyechoka. Akasema, taratibu, kwamba yeye hajawahi kumdanganya mtoto wake yule tangu amzae, hata alipokuwa na miaka mitatu na dawa chungu. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Nilipiga magoti majini. Nikasema yote. Mashine, mayai, Punguzo, mjomba wa fundi, taya. Kwenye taya nilimwona anauma mdomo, sijui ni kilio au kicheko. Nilipomaliza akasema niinuke, nitapata homa. Kisha akasema tukaone hayo mayai.

Akatoa chombo cha maua. Akaniambia nimulike kwa simu, akachukua yai moja, akalizungusha mbele ya mwanga, akalirudisha. Jingine. Jingine. Yote meupe, yanapitisha mwanga mpaka ukutani.

"Mayai ya dukani haya, mwanangu," akasema. "Hayajawahi kumwona jogoo."

Siku sita nimeyapa joto. Nilikuwa nimeanza kuyaaga kila nikienda kazini.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudisha mashine kwa Punguzo. Akasema mali ikishauzwa hairudi. Lakini kwa heshima yangu anaweza kunibadilishia na jiko la umeme lenye plate nne na saa yake. Plate nne! Nililishika. Lina vitufe vinavyobonyea vizuri sana. Mama mkwe alikuwa amenisindikiza. Aliweka tu mkono wake juu ya mkono wangu, juu ya kitufe, mpaka nikaachia.

Ikabidi kwa Wifi. Mama mkwe ndiye aliyesema, mimi ningemtafuta kila mtu mwingine mjini kwanza. Wifi anafuga kuku watano, na jogoo. Alizunguka mashine. Akafungua mlango, akafunga. Akaomba risiti. Risiti nimeipoteza. Akapunguza bei kwa ajili ya risiti. Akaona alama ya kikombe juu ya bati lake, ile ya kikombe chake mwenyewe! Akapunguza kwa ajili ya alama. Mwisho akatoa thamani ya mabati matatu, noti zimekunjwa ndani ya bahasha iliyogeuzwa, na hakunipa mimi. Alimpa mama yake.

Nilisubiri acheke. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na majibu. Hakucheka. Alisema tu, huku akitazama pembeni, kwamba ningemuuliza mapema, angeniazimia bure mashine ya mtu wa kanisani. Afadhali angecheka.

Mayai tunakula. Asubuhi, mchana, jioni.

Jumapili, 16 Machi

Nimempigia Mume wangu. Mama mkwe alisema si lazima leo. Nikasema leo, maana kesho nitakuwa nimeshapata namna ya kuisimulia vizuri.

Nikamwambia. Akauliza mama amelala wapi. Nikasema kitandani kwetu, mimi sakafuni. Akasema sawa.

"Sina pikipiki nyingine, mke wangu," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Nikasema najua. Akasema zilizobaki nimkabidhi mama zote, na mshahara wangu pia, mpaka atakaporudi tukae tuzungumze. Nikasema ndiyo. Akaniambia nifunike kichwa nikitoka, mvua hii ina mafua. Hapo ndipo nilipolia, hapo kwenye mafua.

Jumanne, 18 Machi

Fundi ameezeka. Mabati mapya saba, na yale matatu ya zamani yenye nafuu, yamezibwa matundu kwa lami. Mapya juu ya kitanda, ya zamani upande wa mlango. Kila alipogonga msumari nilikuwa namshikia mbao chini, na alikuwa ananitazama kwa jicho la mtu anayehofia kuzushiwa msiba mwingine. Nikamwomba radhi kuhusu mjomba. Akasema yupo, ni mzima, alipomsimulia alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka. Nikampa kadi ya kliniki.

Mvua ilinyesha alasiri. Tukakaa chumbani, mimi na Mama mkwe, tukitazama juu. Kelele tupu juu ya bati, chini kavu! Halafu pale mlangoni, ti. Moja. Akaenda akaleta sufuria, akaiweka, akarudi kukaa. Akasema tundu moja mtu anaweza kuishi nalo.

Nilitamani anipige kofi.

Mkataba mpya: mshahara wote kwake. Kila asubuhi ananipa nauli ya kwenda na kurudi, imefungwa kwenye karatasi. Huduma ya fedha kwenye simu yangu ameifuta. Sina kadi. Sina chochote. Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya tano ya maisha mapya. Sasa ni mapya kweli.

Mume wangu anarudi kesho. Nimefua mapazia, nimesugua sakafu. Wiki nzima nimekwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu! Sikumwambia Mama mkwe, nataka nimshangaze. Nauli yote nimeitunza kwenye soksi. Sijawahi kutunza kitu siku tano. Nilikuwa naigusa soksi kila baada ya muda na kuona nimekuwa mtu wa maana. Wifi mwenyewe angeinua nyusi.

Kwa Punguzo sipiti tena, kabisa. Leo nimezunguka njia ya nyuma, ndefu, yenye matope, makusudi ili nisimwone. Nastahili sifa kwa hilo. Ila kule nyuma kuna duka jingine, sikujua, la vifaa vya mafundi, na mwenye duka anahama mji. Mlangoni ameegemeza ngazi ya alumini. Nyepesi! Unainyanyua kwa kidole. Nikawaza lile tundu la mlangoni. Mume wangu amechoka na safari, atapanda na nini? Tutamwita fundi kila siku, tumlipe kila siku? Ngazi ni kubana matumizi. Mtu yeyote mwenye akili ataona.

Nikakumbuka kulala kwanza. Sikununua! Naandika kwa herufi kubwa: SIKUNUNUA. Nimeweka amana tu, ile nauli ya kwenye soksi. Inayobaki nitaimaliza kidogo kidogo mpaka mwezi wa sita, amekubali bila riba, ameandika jina langu kwenye karatasi. Hilo si deni. Ni salio.

Akaniambia niende nayo tu, ananiamini. Ni mtu mzuri sana.

Ina urefu wa kufika darini, na haiwezi kuingia chini ya kitanda wala nyuma ya mlango. Lakini inakunjika.